Pete ya Beringi

Kwa Dada yangu mpendwa,

Barua hii ikukute mzima, umeshakula, na umekaa na mtu wa kukushika mkono. Hilo la mtu wa kukushika mkono si pambo la salamu. Utaona mbele kwa nini nimelitia.

Sisi huku tu wazima. Goti la Mama linamsumbua asubuhi na kupona jioni, na mimi nasema goti hilo lina akili, kwa sababu asubuhi ndiyo kuna kufua. Wifi yako anakusalimu sana. Anauliza kama ni kweli bwana harusi anainama kila akipita mlangoni, au ni wewe tu unamrefusha kwa mapenzi. Watoto wanamsalimu shangazi yao. Yule mdogo amejifunza kupiga mluzi na nyumba haina amani tena.

Barua yako niliisoma karakanani, nimeegemea mashine yangu ya kukereza, na wenzangu wakadhani nimefiwa. Nilikuwa nalia, dada, lakini ya furaha. Miaka saba nimekaa nikiomba upate mtu anayekuamkia kwa sauti ya chini, na sasa umempata, tena mwashi, mtu wa kujenga kuta badala ya kuzibomoa. Mwambie shemeji nampenda kabla sijamwona. Mwambie pia kwamba akikuinulia mkono nitamtia kwenye mashine. Acha. Usimwambie hilo la pili.

Umeniomba nikuchagulie chuma cha pete. Umesema dhahabu hutaki hata kuiona, na ninakuelewa, maana mimi ndiye niliyekukatia ile ya kwanza kidoleni. Umesema unataka kitu kigumu, cha kudumu, kisichopinda, ambacho saruji haitakila kwenye mkono wa mumeo. Nimeifanya kazi hiyo kama fundi, na kwanza nikupe majibu ya fundi.

Nilianza na tungsteni. Sonara wa karibu na soko alinionyesha pete yake nyeusi inayong'aa, akaapa kwa watoto wake wote kwamba haivunjiki mpaka kiama. Nikamwambia twende karakanani tukaone. Kuikwaruza kwa tupa kweli haikukwaruzika, tupa ndiyo iliyonyolewa meno. Nikaona sawa, sasa nyundo. Sonara akasogea karibu, ameshika kiuno, anatabasamu. Niliipiga mara moja tu, si kwa nguvu zangu zote, ikapasuka vipande vitatu, na kimoja kikamchana shavu kuanzia chini ya jicho mpaka karibu na sikio. Damu ilimjaa kola. Alinitukana matusi ambayo sijayasikia tangu shuleni, nami nikamjibu kwamba tungsteni ni ndugu ya zile ncha tunazokatia chuma, ngumu sana na haina subira, na mtu anayeiuza bila kujua hilo amekutana na haki yake. Tulishikana mashati. Wenzangu wakatutenganisha kwa maji ya ndoo. Kwa hiyo tungsteni hapana, dada. Mwashi huangusha tofali, na pete ikipasukia kidoleni haina adabu.

Halafu nikajaribu chuma cha pua, kile kisichoshika kutu. Nilikereza pete kutoka kwenye mhimili wa pampu ya zamani. Nimeipiga, nimeiviringisha mchangani, nimeilaza siku nne ndani ya saruji mbichi na kuivunja saruji kwa nyundo. Ilitoka na mikwaruzo midogo ambayo kitambaa na dawa ya kung'arishia vinaondoa. Ni chuma cha heshima na hakina maringo. Uzito wake kidogo unasumbua kwa mtu asiyezoea kuvaa.

Mwisho nikapata kipande cha titaniamu kwa mtu anayenunua vyuma chakavu. Hiki ndicho nilichokipenda. Chepesi mpaka unasahau umekivaa, hakili ngozi, hakijui kutu, na rangi yake ni ya kijivu kama wingu lisilo na mvua. Kukikereza kunataka utulivu, ukiharakisha kinatoa cheche na kuharibu ncha. Nimekitia kwenye jiliwa, lile koleo la mezani la kubania chuma, nikakibana, kikapinda kidogo sana, si zaidi ya unene wa kucha. Na kwa msumeno mdogo wa chuma kinakatika, kwa taabu lakini kinakatika. Likumbuke hilo.

Uzi ulionitumia wa kupimia kidole chako nimeupata, na wa shemeji pia. Uzi hunyooka, kwa hiyo nimepunguza kidogo, halafu nikaongeza tena kwa sababu ya kifundo. Kidole hicho kilipona vibaya, nakumbuka, kifundo chake ni kinene kuliko shina. Kwa ndani nimezizungusha kingo ili pete ipite bila kukuchubua.

Sasa nakuja kwenye mstari wako mmoja ulionifanya nishindwe kuandika kwa majuma mawili. Umeandika hivi, nami naunakili ili ujue nimeusoma vizuri: “La sivyo nitengenezee kama yako, ile ya beringi iliyoingia kwenye mashine ikatoka mviringo. Nataka pete iliyoona mabaya ikasimama.” Chini yake, kwa herufi kubwa, ukaandika kwamba rafiki yako wa zamani, fundi cherehani, asialikwe, asiambiwe siku, wala asioneshwe picha.

Mambo hayo mawili, pete yangu na fundi cherehani, wewe unaona ni mawili. Ni jambo moja.

Unaijua pete yangu. Niliitengeneza mwenyewe nilipooa, kwa pete ya ndani ya beringi kuukuu, nikaisaga kwenye jiwe siku tatu kwa sababu chuma cha beringi hakikubali kukerezwa. Unaijua pia sheria ya karakana yetu: kabla ya kuwasha mashine, kila aliyeoa anavua pete na kuitundika kwenye msumari ukutani. Sheria hiyo ni ya zamani, tangu yule mwenzetu tuliyemwita Kobe aliposahau, mashine ikashika pete yake na kumvua nyama ya kidole kama mtu anavyovua soksi. Nilikuwapo. Niliokota mimi kilichobaki kwenye pete.

Fundi mpya akija, anapelekwa kwanza kwenye msumari ule, kisha anaonyeshwa mkono wangu wa kushoto ambao hauna kidole cha pete. Anaambiwa: huyu naye alisahau. Wote huvua pete zao haraka. Nadhani uongo ule umeokoa vidole vingi, dada, lakini ni uongo. Mimi sikusahau sheria hata siku moja. Siku ile mashine yangu ilikuwa imezimwa.

Ilikuwa saa ya chakula cha mchana. Wenzangu walikwenda kula ng'ambo ya barabara. Nilikuwa nimenawa, nimevaa pete yangu, nataka kwenda nyumbani. Akaingia mumeo wa kwanza, yule ambaye ulisema jina lake lisitajwe tena, nami silitaji. Unakumbuka alikuwa mkuu wetu pale kabla hajafukuzwa kwa kumpasua mwenzake kichwa kwa spana. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Mpaka leo nikishika tupa, namna ninavyoweka kidole gumba ni yake.

Wewe ulikuwa umemkimbia tangu siku tano. Waliojua uko wapi tulikuwa watatu tu: Mama, mimi, na fundi cherehani aliyekuficha kwenye chumba cha nyuma cha duka lake, kati ya majora ya vitambaa.

Aliniuliza kwa upole. Nilimwambia sijui. Akaniuliza watoto wanaendeleaje. Nikasema vizuri. Kisha akanishika kifundo cha mkono, na unazijua nguvu zake kuliko mimi, akanisukuma mpaka kwenye jiliwa kubwa la mwisho wa meza, akakiingiza kidole changu cha pete kati ya taya za jiliwa, mbele kidogo ya pete, akaanza kuzungusha mpini. Hakuwa na hasira. Alifanya kama anabana kazi anayotaka kuipiga tupa.

Mzunguko wa kwanza nilimtukana. Mkono wangu wa kulia ulikuwa huru, nikampiga usoni, mara tatu, mdomo wake ukachanika na damu ikanirukia. Hakuuachia mpini. Mzunguko wa pili nikasikia kitu kikivunjika, na ajabu ni kwamba nilikisikia kwa masikio kabla ya kukisikia kwa mwili. Nikapiga magoti, lakini mkono ulibaki juu. Nikamwambia sijui, sijui, sijui. Akavuta kamasi kama mtu mwenye mafua, akazungusha nusu tu ya mzunguko wa tatu.

Nikamwambia. Nilimtajia mtaa, duka na chumba. Nilimwambia hata mlango wa nyuma unafungwa na kitasa kibovu, jambo ambalo hakuniuliza.

Akalegeza jiliwa. Akafuta mpini kwa kitambaa, kama alivyotufundisha kufanya kila kazi ikiisha, akaniambia: “Ukiulizwa, sema ni mashine.” Akaondoka kwa mwendo wa kawaida.

Dada, kama ingekuwa imeishia hapo, pengine ningekwambia zamani. Mtu akibanwa kidole kwenye jiliwa husema, hata wewe ungenisamehe. Kisichosemeka ni kinachofuata, na ndicho nilichokaa nacho miaka saba.

Kutoka karakanani mpaka kwenye lile duka ni mwendo wa nusu saa kwa miguu. Yeye alikwenda kwa miguu, nilimwona dirishani. Simu yangu ilikuwa mfuko wa kulia. Mkono wangu wa kulia ulikuwa mzima. Namba ya fundi cherehani ilikuwemo. Sikupiga.

Nilikaa chini, mgongo ukutani, kidole kikivimba juu ya pete, nikawaza mambo mawili tu: kwamba akijua nimepiga simu atarudi, na kwamba nitawaambia nini wenzangu wakirudi. Basi nikainuka. Nikaipaka mashine yangu damu. Nikaiwasha. Wenzangu walipoingia walikuta inazunguka, na mimi napiga kelele kama mtu aliyeumia sasa hivi. Nusu saa yako yote niliitumia kutengeneza uongo wangu, na niliutengeneza vizuri, kwa sababu mimi ni fundi mzuri.

Yaliyokupata mle chumbani unayajua mwenyewe. Ulivyoushika mlango kwa ndani, kitasa kikaachia, akaubamiza mkono wako kati ya mlango na fremu mpaka ile pete yake ya dhahabu ikawa bapa. Mkono uliovunjika mahali pawili. Meno. Mama aliposikia watoto wake wawili wamefikishwa hospitali moja siku moja, alisema nuksi imeingia nyumbani. Hakukuwa na nuksi yoyote.

Mimi walinilaza kitanda cha nne kutoka kwako. Chombo chao cha kukatia pete kilikuwa kimeshakata dhahabu kwenye mikono ya watu wengi, lakini kwenye beringi yangu kilivunjika meno. Wakajaribu uzi, wakajaribu sabuni, wakajaribu msumeno mdogo. Daktari alisema kidole chenyewe, japo kimevunjika, kingeweza kupona, ila damu haipiti. Kesho yake wakakikata. Pete ikatoka mviringo, safi, haina hata alama. Ndiyo hiyo unayoitamani. Watu waliishika mkononi wakasema chuma ni hiki. Haikupinda kweli. Mimi ndiye niliyepinda.

Lakini kabla hawajanikata, muuguzi alikuwa akihangaika na dhahabu yako iliyobapaa, chombo chake kikiwa kimeharibikia kwangu. Nikamwambia nina tupa nyembamba ya pembetatu kwenye mfuko wa ovaroli. Nikaja kitandani kwako na mkono wangu umefungwa, nikaikata kwa mkono mmoja, na wewe umelaza kichwa begani kwangu. Ukaniambia: “Kikulacho ki nguoni mwako. Ni yule aliyeniuza.” Ulimaanisha fundi cherehani. Uso wangu ulikuwa karibu na wako kama karatasi hii ilivyo sasa. Nikaendelea kupiga tupa.

Siku ya tatu fundi cherehani alikuja kukuona na chupa ya chai. Naye alikuwa na jeraha, paji la uso limeshonwa, maana alimrukia yule mtu mgongoni akatupwa kwenye cherehani yake. Hukumuuliza. Ulimpiga kofi lililosikika wodi nzima, kisha ukafungua chupa ile na kummwagia chai shingoni na kifuani. Alipiga ukelele mmoja, akaziba mdomo kwa kitenge chake. Alinitazama mimi, sijui kwa nini, akatoka. Nilikuwa na mdomo, na ulimi, na mkono mmoja mzima wa kukuzuia. Niligeukia ukuta.

Ana kovu mpaka leo, kuanzia chini ya sikio hadi kwenye mfupa wa bega. Huvaa nguo za shingo ndefu hata jua likiwaka. Amepoteza wateja, kwa sababu habari ilienea kwamba anauza siri za wanawake wanaomkimbilia. Nani angempelekea hata kipimo cha gauni? Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ya miaka saba, na nimepita juu ya mtu njia nzima.

Mahakamani pia, uliona, nilisema ni mashine. Yule mtu alinitazama kutoka kizimbani akacheka kidogo. Alifungwa kwa ajili yako tu. Kwa ajili yangu hakufungwa hata siku moja.

Mwezi uliopita fundi cherehani alikuja karakanani, amebeba kipande cha cherehani yake kilichokatika ili nikiunge. Nilifanya kazi yake bila kuinua macho. Alipokuwa anaondoka alisema amesikia unaolewa. Akasema: “Mtakie heri. Usimwambie imetoka kwangu, asije akaikataa.” Nikarudi kwenye mashine, nikaharibu vipande vinne mfululizo vya kazi ya mtu, nikakirusha cha tano dirishani, kioo kikavunjika. Siku hiyo ndipo nilipojua nitaandika.

Utauliza mbona sikupiga simu kukwambia haya, tena mimi. Kwa simu ningesikia sauti yako ikibadilika, nikanyamaza katikati. Najijua sasa.

Jana, nilipofika hapa katika kuandika barua hii, niliikunja nikaenda nayo dukani kwa fundi cherehani. Nilimsomea yote nikiwa nimesimama mlangoni, ule ule, wenye kitasa kipya. Hakuacha kushona mpaka nilipofika kwenye simu ya mfuko wa kulia. Hapo akaondoa mguu kwenye pedali. Nilipomaliza akakata uzi kwa meno, akainuka, akanipiga kofi moja lililoniangusha kwenye fremu ya mlango. Bado sikio langu la kushoto linavuma ninavyoandika.

Akasema: “Hilo ni la dada yako. Nimelitunza miaka saba. Langu bado.”

Nilimuuliza hilo lake nitalipata lini. Akarudi kukaa, akavuta kitambaa chake chini ya sindano, akaniambia hilo utaamua wewe, kwa sababu anataka kunipiga mbele yako, na yeye haendi mahali asipoalikwa.

Basi dada, kwenye kisanduku hiki mna pete mbili za titaniamu, yako na ya shemeji. Ya beringi sikutengenezi. Nimeivaa na naijua: inadumu, ndiyo, lakini inadumu kwa faida yake yenyewe. Pete nzuri ni ile inayostahimili kazi, na siku mkono ukivimba inakubali kukatwa ili mkono upone. Hizi zinakubali. Nimezipima zote mbili kwa msumeno kwenye kipande kilichobaki.

Umeniandikia kwamba mimi ndiye nitakayekushika mkono na kukukabidhi kwa mumeo. Ukiona mkono huu haufai, mjomba yupo, na nitamwambia mwenyewe sababu. Mama nitamwambia Jumapili. Karakanani nimeshawaambia, na msumari nimewaachia, maana kisa cha Kobe kinatosha. Kwangu usijibu mpaka utakapotaka, hata kama hutataka. Ninakuomba kitu kimoja tu, nacho si msamaha: mwandikie fundi cherehani. Anwani yake haijabadilika. Ni pale pale nilipoitaja.

Mama anasema usisahau kula. Wifi yako na watoto wanakubusu. Wao hawajui bado nilichokuandikia, kwa hiyo salamu zao ni safi, zipokee. Msalimie sana mwashi.

Nduguyo wa tumbo moja,
mkereza chuma